JIF, CiteScore, SNIP au OpenAlex: kipimo gani kinalifaa jarida la jiografia la Nairobi?

Mwaka jana mhariri wa jarida moja la jiografia hapa Nairobi alinijia maktabani na fomu ya kuomba ruzuku. Alikuwa ameijaza yote isipokuwa kisanduku kimoja kilichotaka namba ya athari ya jarida lake. "Dada, niandike ipi?" akauliza. "Kila ninapotafuta napata namba tofauti, na kwingine sipati kitu." Nikamwambia, "Daktari, vuta kiti. Kila namba hapo ina swali lake."

Tulikaa tangu saa nne asubuhi hadi adhana ya alasiri. Nimeyaandika tuliyoyalinganisha siku hiyo kwa ajili ya wahariri wengine, na kwa wahadhiri wanaotafuta pa kupeleka makala yao. Mimi ni mkutubi na vipimo hivi navishika kila siku, kwa hiyo msimamo wangu nautoa mapema: jarida dogo la jiografia lisiegemee JIF, ile Impact Factor, peke yake, hata likibahatika kuwa nayo.

Ili hesabu zionekane, tuchukue jarida la mfano. Linatoa matoleo mawili kwa mwaka, kila toleo makala 8. Kwa mwaka ni makala 16, kwa miaka miwili 32, kwa minne 64, kwa mitano 80. Ziweke kichwani namba hizo, tutazihitaji.

JIF na kalenda ya mvua

Impact Factor, au JIF kama tunavyoiita ofisini, ndiyo kongwe na ndiyo inayotajwa zaidi kwenye vikao vya kupandisha watu vyeo. Mzizi wake ni wazo la Eugene Garfield, Mmarekani aliyependekeza faharasa ya marejeleo ya kisayansi mwaka 1955. Ripoti ya kila mwaka ya majarida ilianza 1975, na leo hutolewa na kampuni ya Clarivate. JIF ya 2024 hupatikana hivi: hesabu mara ambazo makala ya jarida ya 2022 na 2023 yalirejelewa, yaani yalitajwa kama chanzo katika kazi nyingine, ndani ya mwaka 2024, kisha gawa kwa idadi ya makala ya miaka hiyo miwili. Jarida letu la mfano likiwa limerejelewa mara 19, tunagawa 19 kwa 32. Jibu ni 0.6, tangu 2023 Clarivate huandika desimali moja tu.

Miaka hiyo miwili ndiyo inayomwumiza mwanajiografia wa huku. Tuseme makala kuhusu mmomonyoko wa udongo katika bonde la mto Tana yametoka Juni 2022. Mtafiti aliye Machakos anayasoma mwishoni mwa mwaka na anataka kupima jambo hilohilo kwao. Hana budi kusubiri masika ya Machi hadi Mei 2023, kisha vuli ya Oktoba hadi Desemba, maana msimu mmoja wa mvua hautoshi kumpa neno la kusema. Mwaka 2024 anachora ramani, anaandika, anatuma. Wasomi wenzake wanakaa na kazi yake miezi sita au minane, wanamrudishia, anarekebisha, na makala yake yanatoka 2025. Rejeleo hilo ni la thamani kuliko mengi, kwa kuwa limetoka kwa mtu aliyeisoma kazi ya mwenzake akaenda nayo shambani kuijaribu. Kwa JIF halihesabiwi. JIF ya 2025 hutazama makala ya 2023 na 2024 tu, na makala ya Tana yameshapitwa.

Clarivate hutoa pia JIF ya miaka mitano, na humo rejeleo la Machakos lingeingia. Nawashauri wahariri waitafute hiyo kwanza. Kwa bahati mbaya vikao vyetu huuliza ile ya miaka miwili, na ripoti kamili yenye namba hizi ni ya kulipia. Si kila chuo Nairobi kinaimudu.

Jambo la pili ni wastani wenyewe. Kati ya makala yetu 32, makala moja tu yakirejelewa mara 16 zaidi, marejeleo yanakuwa 35 na JIF inaruka kutoka 0.6 hadi 1.1. Yale mengine 31 hayajabadilika hata herufi, lakini yote yanavaa namba mpya. Hata majarida makubwa yako hivyo. Mwaka 2016 Vincent Larivière na wenzake waliyachambua majarida 11 ya sayansi, yakiwemo Nature na Science, wakakuta kwamba takriban asilimia 65 hadi 75 ya makala yalirejelewa mara chache kuliko JIF ya jarida lililoyachapisha. Kwa hiyo mhadhiri akikuonyesha JIF ya jarida kama ushahidi wa ubora wa makala yake, bado hujajua lolote kuhusu makala hayo. Mkataba wa San Francisco, DORA, uliotangazwa 2013, ulitaka hasa jambo hilo likome: mtu asiajiriwe wala kupandishwa cheo kwa namba ya jarida.

Sifa zake ninazikubali. Mlango wa kuingia Web of Science, hifadhidata ya Clarivate ambamo JIF hutoka, ni mwembamba, na aliyepita anajulikana kuwa amechujwa. Clarivate pia hutoa watu nje: Machi 2023 waliondoa zaidi ya majarida 50, likiwemo International Journal of Environmental Research and Public Health, ambalo lilikuwa likipokea makala mengi mno ya mazingira na afya. Na mwaka huohuo 2023 walifanya jambo lililotufaa sisi: majarida yaliyo kwenye ESCI, yaani orodha ya yanayochipukia, yakaanza kupewa JIF. Kabla ya hapo jarida la Afrika lingeweza kuingia ESCI likakaa humo miaka bila namba.

CiteScore: hesabu ya miaka minne

Wachapishaji Elsevier walianzisha CiteScore Desemba 2016 wakitumia hifadhidata yao ya Scopus, na mwaka 2020 wakabadili kanuni. Sasa CiteScore ya 2024 huchukua marejeleo ya 2021 hadi 2024 kwa kazi zilizochapishwa 2021 hadi 2024, na kugawa kwa idadi ya kazi hizo. Jarida letu likiwa limerejelewa mara 96 katika miaka hiyo minne, tunagawa kwa 64 na kupata 1.5.

Ni jarida lilelile. Huko nyuma lilikuwa na 0.6, hapa lina 1.5, na halijaboreka wala kuharibika. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona maombi ya kazi ambamo CiteScore ya jarida moja imewekwa kando ya JIF ya jingine, kisha mtu akatoa uamuzi. Huko ni kupima maziwa kwa lita na unga kwa kilo, halafu kuuliza kipi kingi.

Kwa jiografia, CiteScore inanipendeza zaidi ya JIF kwa sababu mbili. Rejeleo la Machakos la 2025 linaingia kwenye CiteScore ya 2025, ambayo huanzia 2022. Na namba inaonekana bure: mwanafunzi aliye Kasarani na simu yake anaweza kuikagua bila nywila ya chuo. Lakini tazama ni nani majirani zako. Scopus huiweka jiografia pamoja na mipango miji na masomo ya maendeleo, kwa hiyo ukiambiwa jarida liko robo ya kwanza, ile Q1 inayosakwa na kila mtu, uliza ni robo ya kundi gani. Tena Elsevier ni mchapishaji mwenyewe. Geoforum na Political Geography ni majarida yake. Wanaoteua majarida ya Scopus ni bodi ya wataalamu wa nje, hilo ni kweli, ila mwenye mizani ana mahindi yake sokoni na ni vizuri mteja alijue.

SNIP na SJR: nani anakurejelea

Chukua toleo moja la jarida la jiografia ulifungue. Ukurasa wa kwanza kuna picha za setilaiti za misitu ya Mau, waandishi saba, marejeleo tisini. Geuza, unakutana na mwandishi mmoja aliyekaa Gikomba mwaka mzima akifuatilia jinsi wachuuzi wanavyogawana barabara, marejeleo thelathini, nusu yake vitabu. Kazi ya kwanza itarejelewa haraka, kwa sababu watu wa setilaiti huchapisha haraka na orodha zao ni ndefu. Ya pili itasomwa polepole na itarejelewa ndani ya vitabu, ambako faharasa hizi hazijawahi kuwa na macho mazuri. Hata Web of Science inalijua hilo: jiografia ya maumbile imo kwenye orodha ya sayansi, na jiografia ya jamii kwenye orodha ya sayansi za jamii. Jarida la Nairobi lina zote mbili chini ya jalada moja, kama idara zetu zilivyo.

SNIP ilitengenezwa kwa ajili ya shida hii. Ilitoka kituo cha CWTS cha Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, mwaka 2010. Inatazama makala yanayolirejelea jarida lako, inaona yana mazoea ya kurejelea sana au kidogo, kisha inalipa kila rejeleo uzito kulingana na hayo. Rejeleo kutoka kwenye uwanja wenye orodha fupi lina uzito mkubwa kuliko la uwanja wenye orodha ndefu. Namba ikiwa karibu na 1, jarida liko katika wastani wa uwanja wake. Mhariri akiniomba nilinganishe jarida la jiografia ya miji na la jiografia ya maji, nampa SNIP bila kusita. Upungufu wake ni kwamba kuieleza mbele ya kamati ni kazi. JIF utaifanya kwenye bahasha, SNIP huwezi.

SJR, ya kundi la SCImago la Uhispania, huuliza jambo jingine: anayekurejelea ni mkubwa kiasi gani? Rejeleo kutoka jarida lenye hadhi hubeba uzito kuliko la jarida dogo. Mimi kwa jarida la Nairobi siipendi. Wanaotumia kazi zetu wako Eldoret, Makerere, Dar es Salaam, Maseno, na majarida yao ni madogo kama letu. SJR inamhesabia mwenzangu wa Eldoret nusu ya sauti, ilhali ndiye anayeijua mvua ninayoiandika.

Google Scholar: kisichoonekana na kinachoonekana

Hapa ndipo Daktari alipopata jibu la "kwingine sipati kitu". Tangu 2012 Google Scholar hutoa orodha ya majarida kwa h5, ambayo ni ile faharasa ya h iliyobuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, ila imefungwa kwenye miaka mitano. Jarida lenye h5 ya 12 lina makala 12 ya miaka mitano iliyopita, kila moja yakiwa yamerejelewa angalau mara 12. Haiyumbishwi na makala moja yenye bahati. Ni kipimo kizuri, lakini kina sharti: jarida ambalo halikuchapisha angalau makala 100 katika miaka hiyo mitano haliorodheshwi kabisa. Rudi kwenye jarida letu la mfano. Makala 80. Halimo, hata lingerejelewa na dunia nzima.

Uso wa Daktari ulilegea. Miaka yote hiyo alidhani jarida lake limekataliwa.

Lakini orodha ile ni kitu kimoja, na utafutaji wa kawaida wa Scholar ni kingine. Tulifungua makala moja ya jarida lake kuhusu mafuriko ya mto Mathare. Web of Science haikuwa na kitu. Scholar ilileta tasnifu tatu za uzamili kutoka hazina za vyuo vyetu, sura ya kitabu, na ripoti moja ya mipango. Tukashangilia, kisha tukaanza kukuna vichwa: jina la jarida lilikuwa limeandikwa kwa namna tatu tofauti katika orodha hizo tano. Mmoja alilifupisha, mwingine aliweka jina la idara badala ya la jarida, wa tatu alikosea mwaka. Hakuna aliyeweka namba ya DOI, ile namba ya kudumu inayotambulisha makala mtandaoni, kwa sababu makala hayo hayakuwa nayo. Mashine hutafuta herufi zinazofanana, na sisi tulikuwa tumezisambaza njiani kama punje za mtama.

Scholar inaokota kila kitu, kizuri na kibovu. Huokota tasnifu, na pia huokota mihtasari ya kozi na nakala za nakala. Ni mahali pa kutafutia, kisha ukakagua kwa mkono.

OpenAlex, na kwa nini ninaipendekeza

OpenAlex, hifadhidata ya machapisho ya kitaaluma, ilianza 2022, ikachukua jina la maktaba ya kale ya Aleksandria. Data yake yote ni bure na wazi. Inatoa faharasa ya h ya jarida zima, na pia wastani wa miaka miwili unaokaribiana na hesabu ya JIF. Haisubiri jarida lipite mlango mwembamba. Inaliona likiwa na kumbukumbu zinazosomeka. Chuo Kikuu cha Sorbonne, Ufaransa, kilitangaza mwishoni mwa 2023 kwamba kinaacha kulipia Web of Science na kuelekea OpenAlex. Nilipoisoma habari hiyo niliichapa nikaibandika juu ya meza yangu.

Ina makosa. Utakuta mwandishi wa Nairobi amepelekwa chuo ambacho hajawahi kukanyaga, na majina yanayofanana yamechanganywa. Inategemea sana taarifa za DOI, hivyo jarida lisilo na DOI linaonekana nusu. Tofauti ni kwamba kosa la OpenAlex unaliona na unaweza kuomba lirekebishwe, na upungufu wa DOI ni jambo ambalo mhariri mwenyewe ana uwezo nalo.

Kando ya namba hizi zote kuna nyota za JPPS, ambazo tovuti ya African Journals Online huzitoa kwa majarida iliyonayo, moja hadi tatu. Hizo hazipimi marejeleo. Zinapima uendeshaji: je, makala hupitiwa kweli na wasomi, je, matoleo hutoka kwa wakati. Mwandishi anayechagua pa kutuma kazi azitazame kabla ya namba nyingine yoyote.

Athari isiyokuwa na rejeleo

Jiografia ni somo linaloishia barabarani. Mwanajiografia Simeon Ominde aliongoza tume ya elimu ya 1964, na kila Mkenya aliyesoma shule baada ya hapo ameguswa na kazi yake. Hakuna JIF ya kupima hilo. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, baada ya miaka ya wakazi, mashirika na watafiti wa vyuo kuhesabu nyumba, vyoo na bei ya maji. Ramani zile zilibadili maongezi ya serikali kuhusu mtaa mzima.

Altmetric, iliyoanza 2011, hujaribu kukamata sehemu ya haya: magazeti, Wikipedia, mitandao ya kijamii, na hati za sera. Overton hushughulika na hati za sera zaidi. Kwa jarida la Nairobi, ambako UNEP na UN-Habitat ziko Gigiri umbali wa matatu moja, hati za sera ndizo za kufuatilia. Idadi ya watu waliosambaza kichwa cha makala mtandaoni mimi siipi uzito. Na vifaa hivi havisikii redio ya lugha ya nyumbani, wala baraza la chifu, wala kikundi cha WhatsApp cha wakazi wa bondeni wanaopashana kina cha mto usiku wa mvua. Haya mhariri ayaandike mwenyewe kwa tarehe na mahali. Azimio la Leiden la 2015, lililochapwa katika Nature, linasema wazi kwenye kanuni yake ya tatu kwamba utafiti unaohusu mahali pake ulindwe, usipotezwe na vipimo vinavyopendelea Kiingereza na majarida ya mbali.

Kisha kuna namba za uongo, na hapa nina uchungu. Barua pepe inakuja: lipa dola kadhaa, jarida lako litapewa cheti cha athari. Mhadhiri kijana aliyekuwa akisubiri kuthibitishwa kazini aliwahi kuniletea cheti cha namna hiyo, kimepigwa muhuri wa dhahabu, cha jarida alilolilipa kwa mkopo wa chama. JIF haiuzwi. Ingia Master Journal List ya Clarivate, ambayo ni bure, tafuta ISSN ya jarida, ile namba yake ya utambulisho. Lisipokuwepo, hiyo namba si JIF, muhuri uwe wa rangi gani.

Tulichoandika kwenye kisanduku

Ukiwa mwandishi na kamati yako inataka Scopus, tazama CiteScore na SNIP za jarida, na usome makala matatu ya toleo la mwisho kabla ya kutuma. Ukiwa unalinganisha matawi tofauti ya jiografia, chukua SNIP. Ukiombwa JIF, toa ya miaka mitano kando ya ile ya miwili. Ukiwa mhariri wa jarida ambalo halimo Scopus wala Web of Science, anza na OpenAlex.

Jarida la Daktari lilikuwa katika kundi la mwisho. Kwenye kisanduku tuliandika faharasa yake ya h kutoka OpenAlex pamoja na tarehe tuliyoitazama, tukaongeza mistari minne: ripoti ya mipango iliyotumia makala ya Mathare, na tasnifu tatu, kila moja na chuo chake. Fomu ilikuwa na nafasi ya namba moja tu, kwa hiyo mistari hiyo tukaiambatanisha kwenye karatasi ya pili.

Jumatatu iliyofuata alirudi na boksi la matoleo ya zamani, vumbi limeganda kwenye kingo. Tulianza na la kwanza kabisa, tukiandika jina la jarida kwa namna moja kwenye kila makala, tayari kuombewa DOI. Kufikia saa kumi tulikuwa tumemaliza makala 11.